Dozi nakunywa, arosto imekwisha, mbona jioni bado nateseka?

SWALI: Mimi ni kijana wa miaka 33, naishi Temeke kwa dada yangu. Nilivuta unga, yaani heroini, miaka tisa, sijawahi kujidunga. Sasa nina mwezi wa saba kwenye methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, na kila siku saa mbili asubuhi niko dirishani kliniki kunywa dozi. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, imekwisha, mwili umerudi. Shida ni jioni. Dada anatoka nje kukaanga mihogo ya kuuza, mimi nabaki ndani. Ikifika saa kumi na moja roho inakuwa nzito, natamani unga mpaka mate yananijaa mdomoni, na usiku silali vizuri. Nimeshateleza mara mbili. Dada anasema methadoni ni unga wa serikali tu, na anataka niache kabla ya Ramadhani ili niwe safi kabisa. Je, nina ugonjwa wa akili? Niache dozi? Na hizi jioni nizifanyeje?

JIBU: Mdogo wangu, umeuliza mambo matatu, na nitaanza na lile la kuacha dozi kwa sababu ndilo linaloweza kukuua. Jioni zako nitazirudia, tena kwa kirefu, maana huko ndiko barua yako iliko hasa.

Usiache. Usiache kwa ajili ya mwezi, usiache kwa ajili ya dada, na usijipunguzie mwenyewe kwa kuruka siku. Kama utafika wakati wa kupunguza dozi, mtashuka pamoja na daktari wako, kidogo kidogo, kwa miezi mingi, na wewe ukiwa umeshasimama: una kazi, una usingizi, una jioni zisizokutisha. Kwa barua hii uliyoandika, wakati huo bado.

Sababu yenyewe ni hii. Miaka tisa mwili wako ulizoea kiasi kikubwa cha unga. Mazoea hayo ndiyo yaliyokufanya uvute kiasi ambacho kingemlaza mtu mwingine usingizi wa moja kwa moja. Ukiacha unga na methadoni pamoja, mazoea hayo yanapotea upesi, ndani ya siku na wiki, lakini kiu ya unga haipotei nayo. Kwa hiyo siku utakayoteleza, mkono utachukua kipimo cha zamani na mwili utapokea kama mgeni. Pumzi inapungua, midomo inageuka rangi, mtu anakoroma kama aliyelala fofofo, kisha kimya. Waliotoka gerezani, waliotoka kwenye nyumba za kurekebisha tabia, waliojizuia mwezi mzima wa Ramadhani halafu wakaonja siku ya Idi: hao ndio tunaowahofia kuliko wengine wote. Umeshateleza mara mbili ukiwa na dozi mwilini, na upo hai unaniandikia. Sitaki uteleze mara ya tatu bila dozi.

Sasa hilo la “unga wa serikali”. Nalisikia kila wiki, hata kwa watu wenye nia njema. Unga unapanda ndani ya dakika chache na kushuka baada ya saa chache, ndiyo maana ulikuwa unasaka kete mara tatu, mara nne kwa siku. Methadoni inakaa palepale unga ulipokuwa ukikaa kwenye ubongo, lakini inapanda polepole na inadumu siku nzima. Mtu mwenye dozi iliyomfaa hapati stimu na wala haumwi. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Hapa kwetu kliniki ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na hiyo ya Temeke. Zanzibar wanaitoa kwenye kliniki ya Kidongo Chekundu, na wenzetu wa Kenya walianza mwishoni mwa 2014.

Kuna kisa kimoja cha mwanzo kabisa ninachopenda kuwasimulia wateja wangu. Miaka ya 1960 huko New York, madaktari wawili, Vincent Dole na Marie Nyswander, walikuwa wanawatibu watu walioshikwa na heroini. Kwanza waliwapa mofini. Wagonjwa wakawa wanakaa kutwa wakiangalia saa, wanasubiri sindano inayofuata, hawana habari na kitu kingine. Wakawabadilishia methadoni. Baada ya muda, mmoja akaanza kuchora picha na mwingine akaomba arudi kusoma. Dozi haikuwafundisha kuchora wala kusoma. Iliwarudishia saa zao, wakawa na nafasi ya kutamani kitu kingine.

Nimekisimulia kisa hiki kwa makusudi, kwa sababu jibu la jioni zako limo humo. Wewe nawe umerudishiwa saa. Shida ni kwamba hakuna aliyekuambia uziweke wapi.

Watu wanadhani mvutaji ni mtu asiye na kazi. Wewe na mimi tunajua si kweli. Unga ulikuwa kazi yako, tena kazi ngumu isiyo na Jumapili. Unaamka na arosto, unakwenda kupiga debe au kuokota vyuma chakavu, unatafuta elfu mbili tatu, unamtafuta pusha anayeuza, unatafuta pa kujificha, unavuta, unapata nafuu, na kabla hujakaa vizuri unaanza tena. Asubuhi hadi usiku kila saa ilikuwa na shughuli yake, na kijiwe kilikuwa na watu wanaokujua jina. Halafu siku moja ukaacha. Ni kama mtu aliyestaafishwa ghafla na kuhamishwa mji siku hiyohiyo. Asubuhi bado unayo safari ya dirishani na unakutana na wenzako. Saa nne umesharudi. Mchana unalala. Saa kumi na moja nyumba imenyamaza, dada yuko nje kwenye karai, na mbele yako kuna saa sita za usiku zisizo na kitu ndani.

Zaidi ya hapo, saa hiyo yenyewe ina kumbukumbu. Kama kwa miaka tisa ulivuta kete ya jioni wakati jua linapungua, ubongo umejifunza kuunganisha mwanga huo, harufu ya moshi wa kuni na sauti za daladala za watu wanaorudi kazini, vyote na unga. Mate yanayojaa mdomoni ni ushahidi wa hilo. Ni mate yaleyale yanayokujaa ukisikia harufu ya pilau, na hayaonyeshi udhaifu wa imani wala roho mbaya. Mwili unajiandaa kupokea kitu ulichouzoesha, na usipokipata mara nyingi za kutosha, unaacha kujiandaa. Ila unachelewa, na kila ukiteleza saa ileile unaukumbusha.

Kabla sijaenda mbali, kuna jambo la kukagua. Inawezekana ni dozi. Dozi ndogo kwa kawaida huanza kulalamika usiku wa manane na alfajiri, saa chache kabla ya dirisha kufunguliwa, na inalalamika kwa mwili: miayo, kamasi, machozi, jasho, vipele vya baridi, miguu isiyotulia. Umesema usiku hulali vizuri. Je, ni mawazo yanayokukesha au ni miguu na jasho? Kama ni mwili, hilo ni la daktari, na huenda dozi ikapandishwa. Na je, kuna dawa nyingine unameza? Rifampisini ya kifua kikuu, dawa fulani za kupunguza makali ya VVU kama efavirenzi na nevirapini, na baadhi ya dawa za kifafa huifanya methadoni iishe mwilini mapema, na hapo jioni inaweza kuwa ngumu hata kama dozi ilikutosha mwezi uliopita. Usiache dawa hizo. Waambie watu wa kliniki dawa unazomeza, wao watajua la kufanya. Na nakuomba sana usiende duka la dawa kununua Valium ili ulale. Methadoni na Valium, au methadoni na gongo au konyagi, vyote viwili vinabana pumzi, na usiku hakuna wa kukuamsha.

Tuseme dozi iko sawa na kinachobaki ni kiu. Jambo la kwanza ujue kiu ina mwisho. Ukiwa ndani yake unaamini itapanda mpaka uvute, kwa sababu zamani ulikuwa unaikata kabla haijafika mwisho. Hujawahi kuiona ikishuka yenyewe. Kwa kawaida inapanda, inafika kileleni, inashuka, mara nyingi ndani ya nusu saa. Mwanasaikolojia mmoja wa Seattle, Alan Marlatt, aliwafundisha wagonjwa wake wasipigane nayo bali waipande kama mtu anavyopanda wimbi. Sisi wa Pwani hili tunalijua kwa miili yetu. Anayeogelea Kigamboni, wimbi kubwa likimjia halipigi ngumi wala halikimbii, analiacha limnyanyue na limshushe, miguu inagusa mchanga tena.

Leo jioni ijaribu hivi. Ikianza, angalia saa. Kaa, nyayo zote mbili sakafuni. Itafute kiu iko wapi mwilini: mdomoni, kifuani, mikononi? Ipe alama kati ya sifuri na kumi. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, taratibu, kama mtu anayepuliza moto usizimike. Usijiambie “sitaki, sitaki.” Jiambie ilivyo: “Imekuja. Iko saba.” Baada ya dakika kumi ipe alama tena. Andika kwenye daftari saa, alama, na kilichotangulia. Sikudanganyi, mara mbili tatu za kwanza utaona ni upuuzi. Lakini baada ya wiki mbili daftari litakuonyesha kitu ambacho mimi siwezi kukuambia nikiwa huku: kiu yako inatoka wapi.

Nina shaka nalo jambo moja. Unakula saa ngapi? Wengi wanaokuja dirishani hunywa dozi na chai kavu, kisha hawaweki kitu tumboni hadi usiku. Njaa mwilini inafanana sana na kiu ya unga: mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio, hasira iko karibu. Wenzetu wa vikundi vya kujisaidia hufundishana kujiuliza mambo manne kabla ya kuamini kwamba wanataka dawa: nina njaa, nina hasira, niko peke yangu, nimechoka? Wewe saa kumi na moja huenda una yote manne kwa pamoja. Kula saa tisa. Ugali na maharage, kiporo, chochote chenye uzito. Ni ushauri mdogo, na nimeona ukibeba watu.

Halafu toka ndani. Dada yako anakaanga mihogo mita chache kutoka ulipolala, na wewe unateseka peke yako nyuma ya ukuta! Kuanzia saa kumi uwe kwenye karai. Menya, osha, chochea moto, geuza. Kazi ya mafuta ya moto haimruhusu mtu kuondoka wala kuzama kwenye mawazo, ina harufu yake, ina watu wanaokuja na kukuita kwa jina, na inaisha saa mbili au tatu usiku, kiu ikiwa imeshapita. Ila hela ashike dada. Nalisema bila aibu na usilione kama tusi: noti mkononi saa kumi na moja ni kichochezi kikubwa kuliko harufu yoyote. Ikipita miezi, mtaanza na hesabu ya siku moja kwa wiki.

Na kijiwe cha zamani kiko umbali gani? Mwaka 1971 mtafiti Lee Robins aliwafuatilia askari wa Marekani waliokuwa wanarudi kutoka Vietnam. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa ameshikwa na heroini kule. Watu walitarajia janga. Lakini katika hao walioshikwa, ndani ya mwaka wa kwanza nyumbani takriban 5 tu kwa kila 100 ndio walioshikwa tena. Sababu zilikuwa nyingi, na mojawapo ni kwamba waliacha nyuma mahali, watu na saa zilizokuwa zinawaita. Wewe hukuvuka bahari, umehama mitaa miwili. Kwa hiyo itabidi bahari uitengeneze kwa njia unayopita. Kama njia ya kliniki inakatiza kijiweni, zunguka, hata kama ni dakika ishirini zaidi. Namba ya pusha ifute, na laini ibadilishe. Marafiki wanaoendelea kuvuta si maadui zako, na siku wakitaka kuja kliniki wewe ndiye utakayewaleta. Siku hiyo si mwezi huu.

Umeandika “nimeshateleza mara mbili” kama mtu anayeungama. Acha nikuulize: baada ya kila mara, kesho yake ulirudi dirishani? Nadhani ndiyo, la sivyo usingekuwa na mwezi wa saba. Basi hukuanza upya. Kinachoua ni lile neno linalokuja dakika tano baada ya pafu la kwanza: potelea mbali, maji yakishamwagika hayazoleki, bora nimalizie. Neno hilo limerudisha watu kwenye unga kuliko arosto yenyewe. Kete moja ni kete moja. Keti na hizo siku mbili kama unavyokaa na walimu: ilikuwa siku gani, ulikuwa umekula, ulikuwa umegombana na nani, hela ilitoka wapi, nani alikuwepo? Nitashangaa kama hazifanani.

Kuhusu ugonjwa wa akili, nakujibu kwa uangalifu kwa sababu sijakuona. Uraibu wenyewe ni ugonjwa, umegusa ubongo, na unaotibiwa. Lakini unauliza kama kuna kingine juu yake. Ubongo una vitulizo vyake unavyovitengeneza wenyewe, na miaka ya unga inaufanya uache kuvitegemea. Ukiacha, kwa miezi kadhaa vitu vya kawaida havina ladha: mpira hauchangamshi, wimbo ulioupenda unakupita tu, kucheka ni kazi. Hilo ni la kutarajiwa na hupungua polepole. Sonona ni zaidi ya hapo. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku na kutwa, si jioni tu, huna raha na chochote, huli au unakula kupita kiasi, usingizi umevurugika, huwezi kushika neno, unajiona huna thamani, basi omba kuonana na daktari wa afya ya akili. Sonona ina tiba, ya mazungumzo na ya vidonge, na mtu aliye kwenye methadoni anaweza kuipata tiba hiyo chini ya uangalizi. Na kama limepita wazo kwamba afadhali ungekufa, usingoje miadi. Mwambie dada leo hii, mwende hospitali iliyo karibu, usiku au mchana.

Ramadhani. Mimi si mwanazuoni, ila Qur’ani yenyewe katika Surat al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, na dawa inayokuzuia usife ni dawa. Nenda kwa sheikh unayemwamini umweleze ugonjwa ulivyo, usimwambie tu “nakunywa methadoni” ukamwachia akisie. Kliniki nako uliza mapema, kabla mwezi haujaandama, kama kuna namna ya kupanga saa ya dozi kwa wanaofunga. Jibu lolote watakalokupa, liwe limetoka kwao, lisitoke kwenye baraza la jirani.

Sasa naomba umpe dada asome hapa. Dada, umemtoa mdogo wako mtaani ukamweka ndani, na nadhani kabla ya hapo alishakuibia, alishakudanganya, na majirani walishakucheka. Haki yako ya kuchoka ipo, na hofu yako kwamba amehama kutoka dawa moja kwenda nyingine inaeleweka kwa mtu ambaye hajaelezwa. Njoo naye kliniki asubuhi moja. Uliza maswali yako yote, hata yale makali. Kisha nikufundishe jambo moja, Mungu aepushe lisihitajike: ukimkuta halali usingizi wa kawaida, anakoroma ajabu, haitiki, pumzi chache, midomo imebadilika rangi, usimwagie maji na usimpe maziwa. Mwite kwa sauti, msugue katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole. Asipoamka, mlaze ubavu, kichwa kimeinuliwa kidogo nyuma ili njia ya hewa iwe wazi, tafuta usafiri wa hospitali mara moja, na waambie hapohapo kwamba ni unga. Wana dawa inayoitwa naloksoni inayoweza kumrudishia pumzi, ila lazima wajue. Usiwafiche kwa kuona haya.

Nawe, mdogo wangu, kesho ukifika dirishani usinywe na kuondoka kama kawaida. Mwambie muuguzi saa ambayo tabu inaanza na inavyokuwa mwilini. Mtajie kila kidonge unachomeza. Halafu mwambie zile mara mbili, kwa tarehe kama unazikumbuka. Hilo la tatu ndilo litakalokuwa zito kutoka, lakini bila hilo atakupangia dozi kwa kukisia. Kisha rudi nyumbani kwa ile njia ndefu. Mihogo inaanza kumenywa saa kumi.